Udongo mweusi una mwenyewe

Lori lilipobinua mzigo mbele ya geti, vumbi halikuruka. Hilo peke yake lilinifurahisha. Hapa Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla ya mvua za kwanza, hata mtoto akidondosha kandambili linaruka vumbi jekundu. Udongo huu ulianguka kwa kishindo kizito, mweusi, wenye unyevu, unanuka bonde. Kibarua aliyekuwa akisubiri na beleshi akachota kiganja, akafinya, akanionyesha ulivyoshikana.

"Mama, huu ndio wenyewe."

Halafu akachomoa kitu kwenye lundo. Kitunguu. Kichanga, majani bado ya kijani, mizizi myeupe imeng'ang'ania donge. Akachomoa cha pili. Chini yake kikatokea kijiti kilichofungwa kamba ya nailoni ya buluu, ile wanayonyoshea matuta ili mistari isipinde.

Nikamuuliza dereva udongo umetoka wapi.

"Bondeni, mama." Akaelekeza kwa mdomo, upande wa mtoni.

"Na mwenye hivi vitunguu?"

"Siye tunalipaka kwa chef, mama. Tunalipaka na ku bariere." Chef ni mkubwa wa eneo, bariere ni kizuizi cha njiani. Akapokea dola zake 90, akahesabu, akapanda, akaondoa lori.

Kibarua aliosha vitunguu kwenye ndoo, akaviweka juu ya ukuta vikauke. Jioni akaondoka navyo. Mimi nilibaki na lundo, na swali ambalo halikuniacha kwa wiki kadhaa, hata nilipokuwa nafikiria mambo mengine kabisa. Nilikuwa nimekusanya makadirio ya bei ya bustani, nimeuliza vibali, nimebishana na mafundi juu ya mteremko. Hakuna hata karatasi moja katika zile zote iliyouliza udongo ni wa nani.

Bei tatu, kiwanja kimoja

Kiwanja chenyewe si kikubwa. Mbele ya nyumba na ubavuni kuna kama mita za mraba 200 za udongo mwekundu uliokanyagwa na mafundi wa ujenzi mpaka ukawa kama sakafu. Nilitaka gazoni, yaani majani mafupi ya kutandaa uwanjani, ua wa maua kando ya ukuta, na mahali pa watoto kucheza.

Wa kwanza walikuja na majaketi yenye jina la kampuni mgongoni. Makadirio yao yalikuwa na picha ya bustani ambayo naapa ilipigwa Dubai. Dola 4,200. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Nilipouliza kama nitapewa fakitura yenye TVA hiyo, kijana akashusha sauti: "Mama, kama hutaki fakitura, ule mstari tunautoa."

Wa pili alikuwa kijana aliyesoma kilimo UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa hapa mjini. Majirani wanamwita injinia, nami nikamwita hivyo. Dola 1,900.

Wa tatu ni papa anayeuza miche kando ya barabara ya Kasapa, kwenye vifuko vyeusi vya plastiki chini ya mwembe. Alikuja na baiskeli, akazunguka mara moja, akasema 650, "lakini udongo utatafuta wewe." Ndiyo maana lile lori nililiita mimi.

Ukisikia bei tatu zinazopishana hivi, unadhani mmoja ni mwizi na mwingine ni mjinga. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipokaa nazo mezani usiku mmoja umeme ulipokuwepo. Hawakuwa wanauza kitu kimoja. Kampuni ilihesabu mikeka ya gazoni iliyokwisha kuota, inayotandikwa siku moja ukapiga picha. Papa wa miche alihesabu vichipukizi vya kupandwa kimoja kimoja kwa vidole, halafu unasubiri mvua ifanye kazi yake. Injinia alihesabu vichipukizi pia, lakini akaongeza vitu viwili ambavyo wenzake hawakuvigusa.

Cha kwanza ni mteremko. Alikuja na mpira mwembamba unaoona ndani, akaujaza maji, akampa mwanangu ashike ncha moja kwenye kijiti karibu na varanda, yeye akaenda na ncha nyingine mpaka ukuta wa jirani. Maji hayadanganyi, yalisimama usawa mmoja, na yeye akaweka alama kwa chaki. Kiwanja kinashuka sentimita 60 kuelekea kwa jirani. Maana yake ni kwamba mwezi wa kwanza, mvua inaponyesha kwa hasira, kila kitu nitakachomwaga hapa kitaishia chini ya msingi wa ukuta wake.

Cha pili ni maji. Aliandika mstari ambao ulinifanya nicheke, halafu nikaacha kucheka. Gazoni katika joto la mwezi wa tisa na wa kumi inakunywa kama milimita 4 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mita 200, ni lita 800 kila siku. Hizo ni bidoni 40 za lita 20.

Bidoni 40, kila siku, katika mtaa ambao saa kumi na moja alfajiri wanawake wameshapanga foleni kwenye bomba.

Hakuandika bei kwenye mstari ule. Aliandika tu: "Mama aamue."

Mdogo wangu wa Phoenix

Nina mdogo wangu anayeishi Phoenix, Arizona. Wakongomani wengi wamefika huko miaka hii. Anafanya kazi katika kikosi cha watu wa bustani: wanachimba, wanatandika mawe, wanafunga mabomba ya matone. Ni mji wa jangwa. Mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo joto halishuki chini ya nyuzi 43 za Selsiasi mchana. Mvua yao ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Sisi huku tunapata karibu 1,200, ila zinakuja pamoja, kuanzia mwezi wa 11, na kuanzia mwezi wa tano mbingu inafunga.

Nilimpigia kumsimulia bei tatu. Alicheka, halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimefikiria kuuliza: "Yaya, nani ana leseni?"

Kwao, mtu akitaka kukujengea ukuta wa bustani au kukufungia mfumo wa kumwagilia, na kazi pamoja na vifaa inafika dola 1,000, lazima awe na leseni ya jimbo. Kuipata kunataka uzoefu wa miaka, mtihani, na dhamana ya fedha. Mteja anaandika namba ya leseni kwenye intaneti, anaona kama fundi amewahi kulalamikiwa. Akiharibu kazi na akashindwa kulipa, kuna mfuko wa kufidia wenye nyumba, hadi dola 30,000 kwa nyumba. Jirani yao California wamekwenda mbali zaidi: fundi wa nyumba haruhusiwi kupokea malipo ya kwanza yanayozidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, ile iliyo ndogo.

Nilinyamaza. Papa wa miche alikuwa ameniomba nusu mkononi kabla hajashika jembe.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kingine. Kule Nevada, jimbo lilipitisha sheria mwaka 2021, kwa ajili ya eneo la Las Vegas, ya kung'oa majani yasiyokanyagwa na mtu, yale ya kando ya barabara na mbele ya ofisi. Ifikapo mwisho wa 2026 hayatakiwi kunyweshwa tena maji ya mto Colorado. Nyumba za familia moja moja hawakuzigusa, lakini mwenye nyumba akikubali mwenyewe kung'oa gazoni yake, mamlaka ya maji inamlipa kwa kila kipande.

Watu wa jangwa wanalipana kuyatoa. Mimi nilikuwa natafuta dola 1,900 za kuyaweka.

Lakini nilipomwuliza yeye mwenyewe kama ana leseni, sauti ilibadilika. Hana. Leseni ni ya bosi. Jumamosi anachukua kazi zake ndogo ndogo kwa gari la rafiki, chini ya zile dola 1,000, na kwenye karatasi anazogawa lazima aandike kwamba si mkandarasi mwenye leseni. "Ninajua kazi kuliko yule bosi," alisema. "Ila mtihani ni Kiingereza, na dhamana ni pesa."

Hapo shaka yangu ya kwanza ilianza. Leseni inamlinda mwenye nyumba, sawa. Inamfungia nje nani?

Karatasi tulizo nazo

Tusijidanganye kwamba sisi hatuna karatasi. Tunazo nyingi. Anayetaka kampuni ya bustani hapa anaenda kwenye dirisha moja la kuanzisha biashara, anaandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, anapata namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, mdogo kabisa anaweza pia kujitangaza kama mjasiriamali mdogo bila mzigo wote wa kampuni. Wa barabarani anatakiwa patente, karatasi ya biashara ndogo. Juu ya hizo kuna kodi za jimbo na ushuru wa komini, yaani manispaa. Na wale wenye majaketi wana sababu ya kukusanya kila muhuri: kazi yenye pesa kwao ni bustani za kambi za migodi, na sheria ya ukandarasi mdogo ya 2017 inazihifadhi kazi hizo kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Bila faili kamili hupiti getini. Gharama ya faili ile ilikuwa ndani ya dola 4,200 zangu, hata kama haikuandikwa.

Nilizisoma karatasi zao zote, walinipa nakala kwa fahari. Zinasema kampuni ni nani, iko wapi, inalipa nini. Hakuna hata moja inayosema kwamba kuna mtu ndani yake anayejua maji yanateremka kuelekea wapi.

Kwa kiwanja chenyewe ni hivyo hivyo. Kupanda gazoni hakuombewi ruhusa. Kujenga ukuta kunaombewa. Kibali cha kujenga kina mizizi katika dekreti ya mwaka 1957, ya Wabelgiji, na utaratibu wake ukapangwa upya mwaka 2013. Ukichimba kisima cha bomba, hiyo ni habari nyingine ya sheria ya maji ya 2015. Mfereji wa kutoa maji mpaka barabarani ni mazungumzo na komini, na mazungumzo hapa yana bei.

Nao walikuja. Lundo langu la udongo lilikuwa limemeza nusu ya njia, na kabla ya saa sita maajenti wawili walikuwa getini na kitabu cha risiti. Walikuwa na haki, njia ni ya watu wote. Walipima kwa macho sehemu iliyozibwa, wakaandika, nikalipa, wakanipa risiti yenye muhuri. Mmoja aliegemea lile lundo akiandika. Kiatu chake kilikuwa juu ya majani ya kitunguu cha tatu.

Hakuuliza.

Sikumlaumu. Kitabu chake hakina safu ya swali hilo. Lakini tangu siku ile nikaanza kuziona karatasi zetu kwa jicho jingine: zimetengenezwa kumhesabu fundi, hazikutengenezwa kumpima.

Bondeni

Nilikwenda, maana nilishindwa kulala vizuri. Kumpata haikuwa kazi. Mtu akichimbwa shamba, bonde zima linajua.

Mama mwenye matuta ni mtu mzima kuliko mimi, nikamwamkia kwa heshima, akanipa dumu nikalie. Mbele yetu kabichi za Kichina zilikuwa zimesimama mistari, lengalenga, na kipande cha sombe pembeni. Kisha mistari inakatika ghafla. Pale lori lilipoingia kuna shimo la kina cha mikono miwili, upana wa nyumba, na chini yake udongo wa kijivu, mgumu, maji yametuama juu yake na mbu wameshafika.

Hakulia wala hakunitukana. Alinieleza kama mtu anayeeleza bei ya sokoni. Chef wa pale aliuza ukanda wa mwisho kwa watu wa lori. Yeye hana karatasi ya shamba. Mama yake naye hakuwa nayo, na wamelima hapo tangu yeye akiwa msichana.

Nilipofika nyumbani nilitafuta sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Ardhi ya nchi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi, na haki hiyo haipotei kwa miaka kupita. Kwa hiyo chef aliuza kisicho chake, lori likanunua kisichouzwa, mimi nikakilipia dola 90, bariere ikachukua yake, njiani nikalipishwa kwa kuziba barabara. Mnyororo mzima wa malipo, na mtu mmoja tu aliyetia jasho kwenye udongo ule ndiye ambaye hakuna pesa iliyopita mkononi mwake.

Nilimlipa vitunguu ambavyo hakuvuna. Alivihesabu kwa mafungu, haraka haraka, bila kuongeza hata kimoja. Halafu akataka kujua nitapanda nini. Nikamwambia gazoni.

"Inakulwaka?"

"Hapana, mama. Ni ya kutazama."

Akaitikia "Eeh", ndefu, ya mtu aliyeelewa kila kitu na hataki kukuaibisha. Akanipa fungu la lengalenga la kwenda nalo.

Kile kilichomo ndani ya weusi

Injinia ndiye aliyenirudisha kwenye jambo jingine, baada ya kumsimulia safari ya bondeni. Aliuliza bonde hilo liko upande gani wa bomba la moshi.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa ni bomba lipi. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuzaliwa kwa jina la Elisabethville, na upepo wetu mwingi unavuma kutoka kusini-mashariki. Moshi ulikwenda kaskazini-magharibi kwa miaka na miaka. Ukipita Penga Penga, upande huo, unaona matokeo: ardhi ambayo miti iliondoka, haikurudi. Walioweza kurudi ni majani machache yanayovumilia shaba. Watafiti wa kilimo wa chuo kikuu chetu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamejaribu huko jani moja dogo la kienyeji, Microchloa altera, pamoja na chokaa na mboji ili kuzifunga metali zisitembee. Wamepima pia mboga za bustani kadhaa za mjini, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu kupita kiasi kinachofaa kuliwa katika baadhi ya maeneo, hasa yale yanayonyweshwa kwa mito inayopokea maji ya viwandani.

"Udongo mweusi wa bonde unavutia," alisema injinia, "kwa sababu bonde ndipo kila kitu kinapotulia. Kizuri na kibaya."

Alichukua makopo mawili, moja la lundo na moja la udongo wetu mwekundu, akayapeleka kwa watu anaowajua maabara. Shaba ya lundo ilikuwa juu kuliko ya kiwanja. Si kiasi cha kukimbia, alisema, lakini si mahali pa mtoto anayekula mchanga. Mwanangu wa mwisho ana tabia hiyo hiyo.

Kwa wiki ile nilikuwa na hasira, tena hasira isiyo na anwani. Kumkasirikia dereva? Anapeleka anachoagizwa. Papa wa miche aliniambia mapema udongo nitafute mwenyewe. Na yule mama wa bondeni, kumbe anakula na kuuza kila siku kile ambacho mimi nilikuwa nakihofia kwa kukichezea tu. Huyo nani amempimia kopo lake? Nilirudi kumwambia. Alisikiliza, akauliza kama kuna dawa ya kutia. Nikampa maneno ya injinia: chokaa, mbolea nyingi ya kuku, maji ya kisima badala ya ya mto. Akasema kisima anacho. Chokaa atauliza bei.

Tulivyokata kiwanja

Gazoni ya mita 200 ikafa pale mezani. Imebaki mita 40, mbele ya varanda, mahali tunapoketi, na inapewa maji ya kufulia yaliyosuuziwa mara ya mwisho. Majani tuliyochagua ni yale magumu yanayotambaa, ambayo kiangazi yanageuka rangi ya majani makavu na mvua ya kwanza inayaamsha. Papa wa miche ndiye aliyenishauri hayo, bure, na alikuwa sahihi kuliko kampuni yenye picha ya Dubai.

Ule udongo mweusi hatukuutupa. Umekwenda kwenye ua wa bogenvilia kando ya ukuta, umechanganywa na chokaa, na hakuna kinacholiwa kinachoota juu yake. Ubavuni tumepanda miparachichi miwili na mwembe mmoja, mbali na ukuta, na kati yake mchanga mtupu wa watoto.

Pesa nyingi zilikwenda mahali ambapo hakuna mgeni atakayesifia: mfereji. Injinia alikata kiwanja kingo mbili za mawe, kila moja ikishika sehemu ya zile sentimita 60, na maji yote yanakusanywa kwenye shimo lililojazwa mawe makubwa kabla hayajafika kwa jirani. Jirani alisimama na kutazama kazi siku nzima, mikono mgongoni. Mwisho akaleta vibarua wake wawili wasaidie kubeba mawe. Kibali gani cha komini kingefanya hivyo?

Jumla ilifika dola 1,480, pamoja na kazi ya papa wa miche, ambaye injinia alimchukua kwa siku kwa sababu mikono yake inajua kupanda. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Tulilipana kwa mafungu matatu: vifaa vilipofika, mfereji ulipokwisha, na la mwisho baada ya mvua tatu kubwa. Hilo la mvua tatu alilipinga kidogo, halafu akacheka akatia sahihi. Mvua ya pili iling'oa mawe ya ukingo wa chini. Alikuja kesho yake bila kupigiwa, akayapanga upya.

Sehemu ile ya malipo niliiga sheria ya California, na nashauri kila mtu aige. Haihitaji bunge.

Leseni kwetu?

Mdogo wangu anashikilia kwamba jimbo la Haut-Katanga lianzishe leseni ya watu wa bustani na ujenzi mdogo. Anasema, pamoja na maumivu yake ya mtihani, ameona watu wakirudishiwa pesa zao, na kwetu hajawahi kuona. Siwezi kumpinga kwa hilo.

Ninachoogopa ni jinsi itakavyofika. Najua itakuwa na muhuri, ada ya mwaka, na ada ya kuulizwa kama umelipa ada. Kampuni ya majaketi itaipata wiki ya kwanza. Injinia ataipata baada ya miezi. Papa wa miche ataambiwa vifuko vyake viko kinyume cha sheria, na ataendelea kuuza kwa kumpa mtu kitu kidogo kila Ijumaa. Mimi mwenye nyumba nitakuwa nimelindwa dhidi ya nani? Yeye ndiye aliyeniambia ukweli kuhusu majani.

Kama ningeombwa karatasi moja tu, ningeomba ya udongo. Kila lori liwe na hati inayosema limechimba wapi, kwa ruhusa ya nani, na aliyekuwa akilima pale amelipwa kiasi gani, na sahihi yake au kidole chake. Sheria ya madini tayari inataka ruhusa kwa machimbo ya mchanga na udongo wa mfinyanzi. Kuongeza mstari mmoja wa mkulima si jambo la ajabu.

Nilimweleza injinia wazo hili kwa furaha kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ukidai hiyo karatasi, kesho lori litakuja nayo. Imeandikwa chochote unachotaka, na kidole kipo."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunahitaji lori moja la kujazia kingo za mawe. Kuna kichuguu kinabomolewa kwenye parseli ya mtu anayejenga, barabara ya Kasenga. Mwenyewe yuko pale. Panda uende uone."

Vichuguu vya huku kwetu vinafika kimo cha nyumba, na udongo wake mzito watu wanaufyatulia matofali. Ukiuchanganya na mchanga na mbolea ya kuku unashika vizuri. Mwenye parseli alitutolea hati yake bila kuombwa, akataka dola 30 na tumsawazishie shimo. Dereva alinitoza 15 zaidi kwa kukaa mbele, kwa sababu, alisema, mama akiwa ndani bariere wanapandisha bei. Walipandisha kweli.